WASIOHESABIWA: SARATANI YA TUMBO NA HAKI YA MGONJWA

Haki haiishii mahakamani wala kwenye mipaka ya mashamba. Imo pia katika swali hili: ni nani anayetibiwa, na ni nani anayezikwa bila ugonjwa wake kujulikana?

Katika miaka ya 1960 madaktari Denis Burkitt na Michael Hutt, wakifanya kazi Kampala, walikusanya kumbukumbu za saratani kutoka hospitali za Afrika Mashariki na Kati, zikiwemo za misheni. Ilidhihirika kwamba saratani ya tumbo haikuenea sawasawa. Ilionekana zaidi kuzunguka Mlima Kilimanjaro, na katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi, Kivu na kusini-magharibi mwa Uganda. Kwingineko ilikuwa adimu. Huko Colombia nako, watu wa milima ya Nariño huugua zaidi kuliko wenzao wa Tumaco, pwani ya mkoa huo huo.

Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifaulu kuotesha maabara bakteria wa tumboni aitwaye helikobakta pailori. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtaja kuwa kisababishi cha saratani. Huambukizwa hasa utotoni, penye msongamano na uhaba wa maji safi. Hata hivyo, yeye peke yake haelezi tofauti za mikoa, kwa maana huko Nariño amejaa milimani na pwani vilevile. Aina ya bakteria, chumvi nyingi, upungufu wa matunda na mboga, pamoja na tumbaku, vyote vina sehemu yake. Basi ugonjwa huu si laana ya kabila wala kazi ya mchawi.

Wako wasemao kuwa takwimu ni kazi ya wataalamu, sisi hazituhusu. Hatukubaliani nao. Daftari la hospitali huwahesabu waliofika tu. Aliyekosa nauli, au aliyemeza dawa za vidonda vya tumbo mwaka hata mwaka mpaka akafa, hamo. Saratani hii haithibitishwi bila kuchungulia tumbo kwa mpira wenye kamera na kupima kipande cha nyama yake. Mahali pasipo na kipimo, ugonjwa huonekana haupo. Na kwa kuwa "haupo", kipimo hakipelekwi. Hapo maskini hudhulumiwa mara mbili: hatibiwi, wala hahesabiwi.

Kwa hiyo tuna wajibu wa kudai rejesta ya saratani inayofikia kila mkoa, na kipimo hicho katika hospitali zote za rufaa kwa gharama ambayo mkulima aiweza. Nasi tufanye la kwetu. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wamhimize kwenda hospitali mapema kila anayekonda bila sababu, anayeshiba kwa matonge machache, anayetapika damu au kupata choo cheusi. Aliyepewa dawa za kuua bakteria amalize dozi. Jumuiya imchangie nauli asiyejiweza.

Katika kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei, tuulizane: mwaka huu tumewazika wangapi waliosemekana wamekufa kwa "tumbo" tu? Majibu hayo yaandikwe, yapelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya, na tufuatilie mpaka tujibiwe.