Aliyefiwa naye ahudumiwe

Huku kwetu Kulesa, Kaunti ya Tana River, kijana akifa kwa ajali, matanga hujaa watu. Akifa kwa unga wa heroini au pombe haramu, watu huzika na kuondoka upesi, na mama hubaki akiwaambia wageni kuwa mwanawe aliugua homa. Jirani yangu alizichoma nguo za mwanawe usiku, nyuma ya nyumba, peke yake. Inaniuma sana.

Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na ni jambo jema. Lakini inamtibu aliye hai, tena kutoka Garsen, mji ulio karibu nasi, ni zaidi ya kilomita 100. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192, ila mfiwa anahitaji mtu wa kuketi naye mkekani, amsikilize kwa Kipokomo ikibidi.

Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Kaunti iwafunze kuliwaza wafiwa, na wamrudie mama aliyefiwa hata baada ya arobaini, wageni wakishaisha. Nanyi mashekhe na wachungaji wetu, tafadhali, msimhukumu marehemu mbele ya wazazi wake.