Kila Kitongoji cha Machame Kitenge Kihamba cha Umma

Anayelalamikia uhaba wa maeneo ya kijani Machame anaweza kuonekana kama mtu aliyesimama mtoni akidai ana kiu. Migomba, mibuni, miruka na miringaringa imefunika mteremko mzima, kutoka uwanda wa Bomang'ombe hadi ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro. Hata hivyo, wingi wa kijani hautuambii kijani hicho ni cha nani, wala kitadumu hadi lini. Karibu chote kimo ndani ya vihamba, yaani ardhi ya familia, na kinaishi kwa hiari ya mwenye kihamba. Hiari hiyo inazidi kubanwa kadiri ardhi inavyogawanywa na vijiji vinavyogeuka kuwa viunga vya mji. Ndiyo maana naona kila kitongoji kinapaswa kutenga sasa eneo moja la umma, lenye ukubwa wa kihamba kimoja cha zamani, kiliandikishe na kulilinda kabla nafasi haijaisha.

Kihamba kilikuwa na thamani kubwa kwa umma ingawa hakikuwa mali ya umma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba ukubwa wake wa wastani ulikuwa hekta 0.68. Baadaye mtaalamu wa mimea Andreas Hemp aliorodhesha zaidi ya spishi 500 za mimea katika mashamba haya ya migomba, nyingi zikiwa zimeota zenyewe bila kupandwa. Jirani asiyemiliki hata mti mmoja alinufaika pia: kahawa ilihitaji kivuli, hivyo miti mikubwa ikaachwa, mifongo, yaani mifereji ya asili, ilipitisha maji kwa wote, mipaka ilikuwa mimea ya masale, na njia za miguu zilikatiza katikati ya mashamba. Leo taratibu hizo zinalegea. Wakazi wa Mkoa wa Kilimanjaro waliongezeka kutoka 1,640,087 katika sensa ya 2012 hadi 1,861,934 katika ile ya 2022, na kihamba kilichotosha kaya moja sasa hugawiwa watoto watatu au wanne. Panapojengwa nyumba, mti wa kivuli hukatwa, na panapopandishwa ukuta, njia hufungwa. Hakuna familia inayokosea kwa kuwajengea watoto wake. Lakini maamuzi hayo yote halali yakijumlishwa, yanazaa mtaa ambao hakuna aliyeukusudia, ambamo mtoto akitaka kucheza hana pengine ila barabarani, na mzee akitaka kupumzika hana kivuli kisicho cha mtu.

Eneo linalohitajika si kubwa. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya inapendekeza kwamba mkazi wa mji awe na eneo la kijani la walau hekta 0.5 hadi 1 ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya miji ya Ulaya na si sheria kwetu, lakini hekta 0.5 ni pungufu ya kihamba kimoja cha wastani wa zamani. Gharama ya kuchelewa ndiyo kubwa. Dar es Salaam ilichora viwanja vya wazi kwenye ramani zake, kisha vingi vikavamiwa na kujengwa. Mwaka 2011 aliyekuwa Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, alilazimika kuendesha kampeni ya kuvirejesha, na kila hatua ilikuwa ya mvutano. Kulinda ardhi iliyo wazi kunahitaji uamuzi wa kikao. Kuirejesha ikishajengwa kunahitaji mahakama na tingatinga.

Wapo watakaosema kwamba Machame tayari ina bustani kubwa kuliko zote, yaani mlima wenyewe. Historia ya ukanda wa msitu uitwao nusu maili inajibu hoja hiyo. Ukanda huo ulitengwa mwaka 1941 kati ya vijiji na hifadhi ya juu ili wenyeji wapate kuni, majani ya mifugo na mbao. Mwaka 2005 msitu wa Kilimanjaro, pamoja na ukanda huo, uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na matumizi ya wenyeji yakawekewa mipaka mikali. Kulikuwa na sababu nzito za kulinda vyanzo vya maji, na sizipuuzi. Lakini msitu unaolindwa na askari wa hifadhi hauwezi kuwa uwanja wa mtoto wa shule ya msingi jioni. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba nusu maili inatufundisha kuwa ardhi ya wote isiyo na msimamizi wa karibu, mwenye hati mkononi, inaweza kubadilishiwa matumizi na mamlaka za mbali.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi yenyewe: vijana hawana pa kujenga, na kihamba chenye makaburi ya wazee hakiguswi. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sipendekezi kihamba cha mtu yeyote kitwaliwe. Pa kuanzia ni mahali ambapo nyumba haipaswi kusimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na Machame imekatwakatwa na mabonde ya Weruweru, Kikafu na vijito vyake. Kingo hizo zikiwa na miti ya asili na njia ya miguu, zinalinda maji na kutoa pa kupumzikia kwa pamoja. Chemchemi na viwanja vya shule vipo pia. Kisha yapo mashamba makubwa ya kahawa yaliyotaifishwa mwaka 1973 na baadaye kumilikiwa na vyama vya msingi vya ushirika. Popote chama kitakapoamua kukata sehemu ya shamba kuwa viwanja, sehemu ya umma itengwe kwanza, ndipo wanachama wagawiwe.

Swali la nani atatunza ni la haki, kwa sababu eneo lisilo na mtunzaji hugeuka jalala. Jijini Nairobi, Msitu wa Karura wenye hekta zaidi ya 1,000 uliokolewa kwa mapambano ya Wangari Maathai na wenzake mwaka 1999. Lakini ulipona hasa baada ya chama cha wananchi kushirikiana na idara ya misitu na kutumia viingilio kulipia ulinzi. Kitongoji hakihitaji kutoza kiingilio. Wachagga wametunza mifongo kwa vizazi vingi kwa zamu, faini na msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na utaratibu uleule unatosha kufyeka nyasi na kupanda miti katika nusu hekta.

Nyenzo za kisheria zipo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha kuidhinisha ardhi ya matumizi ya pamoja. Kwa hiyo ajenda ya mkutano ujao wa kila kijiji cha Machame iwe na mambo matatu: kuorodhesha kila kipande ambacho bado ni cha wote, kukipima na kukiingiza katika mpango wa matumizi ya ardhi, na kuchagua kamati ya kukitunza. Halmashauri ya Wilaya ya Hai nayo isipitishe mchoro wowote wa viwanja vipya usioonyesha eneo hilo.