"Mwache, Anatafuta" Ni Ushauri Mbaya

Lalamika kwa wakubwa kwamba mwenzi wako hajala na watoto tangu mwezi uanze, jibu unalijua: "Mwache, anatafuta." Wakwe watakuongezea kwamba mvumilivu hula mbivu. Mume ambaye mkewe ni muuguzi asiyejua Jumapili wala sikukuu naye huambiwa ashukuru, kapata mchapakazi. Ushauri huu umezoeleka hadi unaitwa hekima. Kwangu mimi ni hatari.

Mtazame mhasibu anapofunga hesabu za mwezi. Saa nne usiku wali umeshakauka chini ya kawa, yeye kainamia laptopu na simu haiishi kulia. Grupu la ofisi linauliza ripoti imefikia wapi. Mkewe anamletea chai ya tangawizi, anawafukuza watoto sebuleni wasimsumbue, kisha anampigia mama mkwe kumwombea radhi kwa msiba ambao mwanawe hakutokea. Anaamini anamsaidia mumewe. Anayesaidiwa hapo ni mwajiri, aliyepata kibarua wa pili bila kumlipa. Ripoti ikifika asubuhi, bosi atajua nini? Kwamba kazi ya watu watatu inawezekana kwa mtu mmoja. Mwezi ujao ataongeza nyingine.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu wa kupindukia kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini usiodhibitiwa. Chanzo chake kiko kazini, na chai ya usiku haiwezi kukifikia. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilikadiria kwamba watu 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwa watu hao ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko kwa wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hizo mbivu zitaliwa na nani, kama mvumiliwa amelazwa wodini?

Wala sheria haiko upande wa huo uvumilivu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada ni za makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ni nyumba ngapi zinazojua hesabu hiyo? Tunajua tu tarehe ya mshahara.

Najua mtauliza ada italipwa na nani, na nje ya geti la ofisi kuna vijana wangapi wanaoisubiri hiyo nafasi. Ni swali la haki. Lakini hapo ndipo mwenzi anapotakiwa kujiuliza swali gumu zaidi: katika hizo saa za ziada, ngapi zinatafutwa kwa ajili yangu? Kiwanja cha pili, mchango wa harusi uliopandishwa ili tusionekane wa chini, shule ya gharama kuliko uwezo. Huwezi kumhurumia mtu kwa mdomo huku orodha ya mahitaji inarefuka. Fungueni daftari pamoja, fyekeni. Kila shilingi laki moja inayofutwa hapo ni usiku kadhaa wa kulala.

Kisha zungumzeni, na isiwe usiku anapoingia amechoka. Subirini siku ya mapumziko, andikeni saa alizofanya kazi wiki hiyo, aone mwenyewe. Kubalianeni saa ya kuzima simu. Kamati ya harusi aliyopewa uenyekiti airudishe. Maneno ya kumwambia bosi kwamba kazi hii na ile haziwezi kwenda pamoja myatafute wote wawili, ila ayaseme yeye. Usingizi ukigoma kabisa, mpeleke hospitali.

Atakasirika, na huenda akasema humuelewi. Mpe muda, lakini usirudi nyuma. Na kama ana siku za likizo ambazo hajazichukua, wiki hii hii akajaze fomu.