Mama Fua wa Bahari Kuu

Kuna watu ambao shida yao kubwa ya kufua ni hii: nilipe dola 5 nifuliwe shati melini, ama nilifue mwenyewe kwenye sinki la chumba changu? Wasikilize abiria wa meli za kitalii, wale wa Karibi na Mediterania, wakianza mada hiyo. Wanaijadili kama bajeti ya taifa. Mmoja atasema beba sabuni ya unga kwenye kijimfuko. Mwingine atakufunza kukunja shati bichi ndani ya taulo kavu, kisha ulikanyage mpaka litoe maji yote. Wa tatu atakwambia usiwe na haraka, ngoja siku ya ofa, ujaze mfuko mzima kwa bei moja.

Na wewe unayesoma haya ndani ya matatu ya Rongai, au ukiwa kwenye feri ya Likoni, utauliza: mimi na mambo hayo wapi na wapi? Nikujibu. Huenda usiwahi kupanda meli hiyo kama abiria. Lakini kuna mtu mliyesoma naye ambaye saa hii ameketi kwenye benchi la ajenti fulani mjini, pasipoti mpya mkononi, anangoja kuitwa kazini melini. Kwenye picha alizoonyeshwa kuna bwawa la kuogelea, jua likizama, na kijana aliyevaa sare nyeupe akitabasamu. Chumba cha kufulia hakimo kwenye picha hizo, na huenda ndiko anakopelekwa.

Kwa hivyo tuongee kuhusu dobi.

Kwa abiria, kufuliwa nguo melini ni jambo rahisi ajabu. Chumbani mnakuwa na mfuko na karatasi ya orodha. Unajaza: mashati 3, suruali 2, soksi jozi 4. Unamwachia mhudumu wa chumba. Kesho au kesho kutwa nguo zinarudi zikiwa zimekunjwa, au zinaning'inia kabatini, na gharama imeshaingia kwenye bili yako. Kampuni hazifanani. Cunard huwa na vyumba vya mashine ambapo abiria anajifulia bila malipo. Royal Caribbean haina mashine za abiria, kwa hivyo utalipa au utafua kwa sinki. Na karibu kila mahali, abiria aliyesafiri na kampuni mara nyingi vya kutosha huanza kufuliwa bure, kama zawadi.

Sikiza hilo neno: bure. Nguo za bure hufuliwa na mikono ileile, kwa maji yaleyale na saa zilezile. Kampuni haijawahi kufua kitu. Inagawa jasho la mtu mwingine, halafu inashukuriwa yenyewe.

Shuka chini uone. Chini kabisa, karibu na mkondo wa maji, ambapo hakuna dirisha, kuna korido ndefu ya wafanyakazi inayopita meli kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye meli nyingi wanaiita I-95, jina la barabara kuu ya Marekani. Kando ya njia kama hiyo ndiko kuna ufuaji. Na nguo za abiria ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kuna mashuka, foronya, taulo za chumbani, taulo za bwawani, vitambaa vya meza, leso za kulia, sare za wapishi, sare za mabaharia. Chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024: ikijaa hubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Huo ni mji wa karibu watu 10,000 usio na kamba hata moja ya kuanika nguo. Kila mtu akitumia taulo mbili tu kwa siku, hizo ni taulo 20,000 kabla hujahesabu shuka la kwanza. Zote zinafuliwa, zinakaushwa na kukunjwa mle ndani, kwa zamu, usiku na mchana, kwenye joto la mashine ambazo hazizimwi.

Abiria hukasirishwa sana na jambo lingine: kwa nini siruhusiwi kubeba pasi? Kampuni nyingi hukataza pasi chumbani, na sababu yao ni ya kweli. Moto baharini hauna pa kukukimbilia. Zimamoto hawaji. Lakini hatari hiyo haikuondolewa melini. Iliteremshwa chini kwa dobi. Vumbi la nyuzi linalotoka kwenye nguo zikikaushwa huwaka upesi kuliko karatasi. Tarehe 20 Julai 1998, meli ya Carnival iitwayo Ecstasy iliondoka Miami. Katika chumba chake kikuu cha kufulia, mafundi walikuwa wakichomelea mashine ya kunyooshea mashuka. Cheche zikapata vumbi la nyuzi, moto ukaingia kwenye mifereji ya hewa, ukasafiri mpaka nyuma ya meli na kuzikuta kamba za plastiki za kufungia meli gatini. Moshi mweusi ulionekana kutoka ufukweni. Bahati ni kwamba hakufa mtu, lakini waliojeruhiwa walikuwa wafanyakazi 14 na abiria 8. Huo moto ulianzia pale pale ambapo abiria hafiki, wakati anaendelea kulalamika kuhusu pasi.

Haya hayakuanza na meli za starehe. Neno letu lenyewe, dobi, lilikuja kwa bahari kutoka India. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilibeba madobi Wachina wa Hong Kong ndani ya manowari zake kwa miaka mingi. Mei 1982, katika vita vya Falklands, HMS Sheffield ilipigwa kombora, na kati ya watu 20 waliokufa alikuwemo dobi wa Hong Kong. Wiki tatu baadaye HMS Coventry ikazama, na dobi mwingine akafa. Fikiria: umeenda vitani kufua mashati ya vita visivyokuhusu ndewe wala sikio. Tangu zamani, tajiri akisafiri baharini, anayefua huwa ametoka mbali, kwa watu ambao bei yao ya kazi iko chini.

Na bei hiyo ni ngapi? Shirika la Kazi Duniani, ILO, huweka kima cha chini cha mshahara wa baharia stadi. Mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Kwa Sh129 kwa dola, hizo ni kama Sh87,000. Usikimbilie kushangilia. Gawanya dola hizo kwa saa 208, ambazo ndizo saa za mwezi ukifanya kazi saa 48 kwa wiki. Utapata dola 3.24 kwa saa. Kumbuka lile shati la dola 5. Ile saa nzima hainunui hata ufuaji wa shati moja. Na kima hicho ni cha baharia stadi wa sitaha. Dobi hakutajwa. Mshahara wake ni ule ulioandikwa kwenye mkataba wake na kampuni, basi.

Sheria ipo, inaitwa Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2014. Una mambo mazuri, lakini kwenye saa za kazi umeacha mlango wazi. Nchi inachagua kipimo kimoja kati ya viwili: ama kazi isizidi saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, ama mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Vinaonekana kama ndugu pacha. Sasa piga hesabu ya hicho cha pili. Wiki ina saa 168. Toa 77. Zinabaki 91. Mtu anaweza kufua saa 91 kwa wiki, saa 13 kila siku, Jumapili ikiwemo, na hakuna sheria iliyovunjwa. Na nchi inayoamua ni ile ambayo bendera yake inapepea nyuma ya meli. Icon of the Seas ni ya kampuni yenye makao yake Miami, lakini bendera yake ni ya Bahamas. Kijana wa Kisauni akidhulumiwa mle ndani, aanze kulia wapi? Nairobi, Miami, ama Nassau?

Najua jibu linalokuja, nimelisikia kila baraza. Wacha kelele, bro. Hapa kazi hakuna. Elfu themanini na saba, unalala bure, unakula bure, nani atakupa hiyo Buruburu? Jibu hilo lina uzito na silipuuzi. Kuna nyumba za mawe zilizojengwa kwa pesa za melini, kuna wadogo waliosomeshwa nazo. Anayetaka kwenda aende, na Mungu amtangulie. Lakini angalia hoja hiyo inatumika kufanya kazi gani. "Bora hiyo kuliko kukaa bure" ndiyo sentensi ambayo kampuni inategemea. Inatafuta watu Ufilipino, Indonesia, India, na sasa huku kwetu, kwa sababu inajua sentensi hiyo imeshasemwa kabla hajafika mtu wake wa usaili. Njaa yetu imewekwa kwenye bajeti yao.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe, maana sentensi hiyo hatukuletewa na mzungu. Tunaisema hapa nyumbani kila Jumamosi. Mama fua anabisha mlango asubuhi, amepanda matatu kwa nauli yake. Ndani kuna mabeseni matatu, mashuka, jinzi sita na blanketi ya mtoto aliyekojoa. Anasema mia saba. Wewe uliyelipa mia saba jana kwa pizza unaanza: "Mathe, nguo ni kidogo tu, fanya mia nne." Anainama saa tano mfululizo, Jik inamla vidole, halafu unamtumia pesa bila ya kutolea. Abiria wa Karibi analipa Sh645 kwa shati moja. Sisi tunabishania Sh300 kwa nyumba nzima, halafu tunajiita wajanja.

Tumekubaliana, bila kuandikiana, kwamba kufua si ujuzi. Ati ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Lakini jaribu kutoa doa la mvinyo kwenye hariri bila kuichana. Jaribu kujua ni kitambaa gani kinasinyaa kwenye joto lipi, rangi ipi inachuja, na kola ipi haipigwi pasi kwa mbele. Huo ni ujuzi kamili, na kampuni ya meli inajua hivyo, ndiyo maana inautoza dola. Ila inapofika wakati wa kumlipa mwenye ujuzi, inatumia bei yetu ya mtaani. Tulishaipanga sisi.

Kwa hivyo kuna mambo matatu, na hayahitaji mkutano wa Geneva.

La kwanza ni ajenti. Mkataba ule wa 2006 unakataza mtu kutozwa ada ya kutafutiwa kazi ya meli. Unacholipa wewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayekuitisha "ada ya faili" au "ya kuharakisha" anakuibia, hata kama ofisi yake ina kapeti na picha ya meli ukutani. Kabla hujamtumia hata shilingi, uliza Kenya Maritime Authority kama jina lake lina leseni.

La pili ni mkataba wako. Usome mshahara bila kuchanganya na bakshishi, maana dobi haonekani na abiria hamwekei mtu asiyemwona noti mkononi. Soma saa. Soma malipo ya saa za ziada. Soma nani anakurudisha nyumbani kazi ikiisha, kwa sababu kisheria ni mwenye meli. Na serikali inayojisifu kwamba inapeleka vijana baharini ituambie imewatetea vipi wale wa chumba cha kufulia, ambao kima cha ILO hakiwataji. Kuhesabu waliopanda ndege pekee hakutoshi.

La tatu liko mlangoni kwako. Jumamosi hii mama fua akitaja bei, ilipe. Ongeza ya kutolea. Umuulize amekula. Hutakuwa umeiangusha kampuni yoyote ya Miami, hilo tusidanganyane. Utakuwa umekataa, angalau ndani ya nyumba yako, ule uongo wanaouishi kule juu kwenye jua: kwamba nguo hujifua zenyewe usiku, zikarudi kabatini zikinukia, na hakuna mtu aliyechoka.