Kompyuta Inapomchagua Daktari

Kuna wimbo mpya kwenye biashara ya dawa: lisha kompyuta takwimu, nayo itakwambia daktari gani ataandika dawa yako kwa wingi. Mtume muuzaji kwake, mauzo yapande. Watu wanapiga makofi. Mimi nasema ngoja kwanza.

Hebu tutazame Marekani. Kule maduka ya dawa huuza kumbukumbu za vyeti: jina la mgonjwa linafutwa, la daktari linabaki. Jimbo la Vermont lilijaribu kubana biashara hiyo, lakini mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaitupa sheria yao kwa hoja ya uhuru wa kujieleza.

Mwaka 2013 washauri wa McKinsey waliichambulia takwimu Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, dawa ya maumivu inayolevya. Ushauri? Wauzaji waelekezwe kwa madaktari wanaoiandika kwa wingi. Mwaka 2020 Purdue ilikiri makosa ya jinai. Mwaka 2024 McKinsey ikakubali kulipa dola milioni 650.

Ndugu zangu, hesabu haikukosea. Iliulizwa nani atauza zaidi, ikajibu. Hakuna aliyeiuliza nani atageuka teja, wakati daktari anayeandika vidonge kupita kiasi ndiye aliyepaswa kuchunguzwa, siyo kutembelewa na muuzaji.

Hesabu hiyohiyo inaweza kutabiri zahanati ipi itaishiwa dawa. Kwa hiyo ukiuziwa programu ya namna hii, usiulize ina akili kiasi gani. Uliza imetumwa kumtafuta nani.