Saa za Mfanyakazi Zaenda Wapi?

Mtu akisimama jioni kando ya barabara ya Moshi hapo Makumira, saa ambayo wafanyakazi wa mashamba ya maua na kahawa warudi makwao, ataona vichwa vimeinama. Vijana wa bodaboda wangojao abiria wameinama, mama muuza ndizi ameinama, hata wanafunzi wa chuo, ambao tungedhani wana haraka ya kwenda kusoma, wameinama. Kila mmoja na simu yake. Wazee wamekwisha kutoa hukumu: simu imewaharibu vijana, na laiti ingepigwa marufuku.

Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo, ingawa twakiri kwamba ugonjwa upo. Mkulima wa Meru ambaye zamani alipoteza siku nzima kwenda mjini Arusha kupeleka ada ya mtoto, leo huituma akiwa shambani mwake. Tena mwaka 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza mwezi Julai, manung'uniko ya wananchi yalienea mitandaoni kwa wingi, na mwezi Septemba Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Chombo kifikishacho sauti ya mnyonge si chombo cha kutupwa.

Yatupasa tuulize swali jingine. Kampuni zenye mitandao hii zapata wapi utajiri wao, ilhali kufungua Facebook au TikTok hakuna kiingilio? Jibu ni kwamba bidhaa yao ni macho yetu. Wenye matangazo huwalipa kwa kadiri watu wakaavyo wakitazama. Kwa sababu hiyo mitambo yao imetengenezwa ijifunze kila mtu apenda nini, kisha imletee picha baada ya picha, kusudi asiinuke. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na ngoma ikikesha sana hukoma alfajiri watu wakaenda kulala. Mtandao hauna alfajiri.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kumtambua mnyonyaji: ni yule aishiye kwa jasho la mwingine. Unyonyaji huu mpya una ajabu yake, maana mnyonywaji hujinunulia mrija mwenyewe. Kijana hutoa shilingi katika ujira wake kununua bando, kisha saa zake mbili tatu za usiku huuzwa na mtu asiyemjua, na asubuhi huamka mchovu kwenda kukata maua. Nyuma ya mlango huohuo wamejipanga wenye kamari na wakopeshaji. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Waliozikopa wajua jinsi jamaa zao walivyopigiwa simu ili mkopaji aaibike.

Hata hivyo, nchi hii iliwahi kukitawala chombo cha habari badala ya kutawaliwa nacho. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio haikuwa na akili kuliko simu. Ila ilisikilizwa na kikundi kilicho na kiongozi wake na saa yake, na ilipozimwa watu walishika majembe. Simu imetufikia kila mmoja peke yake, chumbani, bila kikundi.

Wameru hawahitaji kufundishwa maana ya kukusanyika. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walifanya mikutano, wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York. Ardhi yao hawakurudishiwa kwa safari ile, lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ikajifunza. Twajiuliza kama mkutano wa namna ile ungewezekana leo. Na viongozi wasiwacheke vijana: tumehudhuria vikao vya shina ambamo katibu asoma muhtasari, na mwenyekiti yumo mbioni kurusha mtandaoni picha za kikao hichohicho.

Kwa hiyo twayapendekezea matawi ya Usa River na Makumira, pamoja na vyama vya wafanyakazi mashambani, waanze na jambo dogo. Kikaoni simu zote zikae mfukoni, ya mwenyekiti kwanza. Kisha mara moja kwa juma watu wakutane na simu moja tu, wakiongozwa na anayejua kusoma vizuri. Humo zimo bei za kahawa, zimo sheria za kazi na likizo, ambazo wafanyakazi wengi hawajapata kuzisoma ingawa hutembea nazo mfukoni kutwa. Kikao cha kwanza kingeweza kuchukua masharti ya mkopo mmoja wa simu na kuyasoma kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya mtu yeyote kubonyeza kitu.