Mzazi, Usingoje Kupatana Makaburini



Vijana wengi mnaijua tamthilia ya Shakespeare, Romeo na Juliet, kwa yale mapenzi. Leo nataka uwaangalie watu wazima walio ndani yake. Koo mbili za Verona zina uadui wa zamani, hata chanzo chake hakitajwi. Juliet hajafika miaka 14, na tayari nyumbani wamemchagulia Paris, mtu wa jina kubwa. Anapokataa, baba anamwambia atamfukuza akafie njiani. Mama naye anamwacha. Sasa mtoto kama huyu ukweli wake ataupeleka wapi?

Anaupeleka kwa mtumishi wa Mungu, na hapo ndipo mimi huumia. Kasisi Laurence anawafungisha ndoa kwa siri akitumaini itapatanisha koo hizo. Nia njema! Lakini hakwenda kuketi na wale wazee. Siri ikazaa siri, barua ikakwama kwa hofu ya tauni, vijana wakalala kaburini. Ndipo baba zao wakashikana mikono.

Mpendwa, hiyo Verona unaijua. Hapa Eldoret binti anasema amepata mchumba aliyeokoka, na swali la kwanza ni, "Ni wa wapi?" La pili ni jina la baba yake. Kabla ya koito, kabla ya ruracio, hukumu imeshatoka. Wengine hawataji kabila. Wanapandisha tu mahari mpaka kijana ajiondoe mwenyewe. (Mnajijua.)

Hofu ya wazazi ina historia. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wanawake na watoto. Msimu ule kuna waliooana wa makabila tofauti waliotenganishwa. Uchungu huo siubezi. Lakini hawa wanaotaka kuoana leo walikuwa watoto wadogo. Kwa nini walipe deni wasilokopa?

Soma Hesabu 12. Miriamu alimsema Musa kwa sababu ya mke Mkushi, na ukoma ukamshika Miriamu, si yule mke. Na Ruthu Mmoabi yumo katika ukoo wa Yesu, Mathayo 1.

Wewe kijana nawe, usimfiche mama yako mchumba miaka miwili halafu uniletee mimba nikuombee. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18 na hiari yenu wawili, sawa, lakini harusi ya kujificha mimi siifungishi. Njoo mapema. Tutatafuta mzee mmoja kila upande, twende kwao, tunywe chai, na mursik ikiwepo, tuwaulize wanaogopa nini hasa. Baba akisema hapana, aseme mbele yetu na atoe sababu.

Jumatano baada ya maombi ya mchana nipo ofisini. Wazazi, hata nyinyi karibuni.